Je, wajua kwa nini meza ya chuma hucheza gereji, ilhali chungu hutulia juu ya mafiga?

Okota mawe matatu yasiyolingana, yapange juu ya udongo wenye mabonde, kisha injika chungu. Pengine kitainama, mchuzi uelemee upande mmoja, lakini hakitacheza. Sasa ingia gereji uitazame meza ya kazi. Ina miguu minne iliyokatwa kwa kipimo na kuchomelewa na fundi anayejua kazi yake, nayo imesimama juu ya sakafu ya zege iliyopigwa niru. Sukuma tupa ya kusugulia chuma mara moja tu, utasikia ko, ko, ko. Ukiinama, mara nyingi utakuta kipande cha boksi kilichokunjwa chini ya mguu mmoja, kimelowa oili na kimeshalala kama karatasi.

Siri ya mafiga ni hesabu yake. Nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, hata ukizitupa ovyo, daima zina bapa moja, yaani uso mmoja ulionyooka, linalozipitia zote. Ndiyo maana kitu chenye miguu mitatu hukuta pa kukaa popote. Nukta ya nne haina bahati hiyo: ama iangukie kwenye bapa lile lile, ama ibaki ikining'inia. Wapima ardhi huweka vifaa vyao juu ya miguu mitatu kwa sababu hiyo, na mafundi bomba wengi hufungia jiliwa lao la kushikia mabomba kwenye stendi ya miguu mitatu.

Basi kwa nini tusichomelee meza za miguu mitatu? Kwa sababu uzito ukitoka nje ya pembetatu ya miguu, meza inapinduka. Meza ya mstatili yenye miguu mitatu ina kona zisizo na kitu chini yake, na hapo ndipo mtu ataweka silinda hedi, kile kifuniko kizito cha injini, siku moja bila kufikiri. Tunauhitaji mguu wa nne. Taabu yake tuikubali, halafu tuitibu.

Watu wengi hulaumu mteremko wa sakafu, na hapo wanaionea. Sakafu ya gereji mara nyingi humwagwa na mteremko kwa makusudi ili maji yatoke kwa mlangoni. Mteremko wa asilimia 1 ni sentimita 1 kwa kila mita. Mteremko ulionyooka hauchezeshi meza, unaiinamisha tu, na miguu yote minne inagusa chini vizuri. Kinachochezesha ni mabonde na msokoto, pale kona moja ya sakafu inapopanda huku jirani yake ikishuka. Niru hung'aa ikatudanganya. Bonde la milimita 3 jicho halilioni, lakini meza inalihisi.

Tena meza ya chuma hulihisi kuliko ya mbao. Kipimo cha ukaidi wa chuma dhidi ya kuvutwa na kupindwa ni takriban gigapaskali 200. Mbao nyingi, kwa kufuata nyuzi zake, hukaribia 10 tu. Meza ya mbao ya misumari hujisokota kidogo kwa uzito wake wenyewe hadi mguu wa nne ufike chini. Fremu ya paipu za mraba haikubali. Juu ya hayo, mahali palipochomelewa hujikunja panapopoa na kuvuta fremu nzima, hivyo meza inaweza kuondoka kwa mchomeleaji mguu mmoja ukiwa umeshapishana na wenzake.

Kabla ya kutibu, jua ugonjwa, maana uko wa aina mbili na dawa zake hazifanani. Bonyeza kona moja ya meza, kisha ya jirani yake. Mguu ukinyanyuka, tatizo liko kati ya miguu na sakafu. Lakini kama miguu yote imetulia na ni uso wa meza unaoyumba ukisukuma kwa ubavu, fremu yenyewe ndiyo dhaifu, na ukiweka kabari mwaka mzima hutapata nafuu. Mstatili unaweza kulala upande bila pande zake kubadilika urefu, pembetatu haiwezi. Chomelea chuma cha mshazari nyuma na ubavuni, kuyumba kutakwisha.

Kwa ugonjwa wa kwanza, jaribu kuizungusha meza hapo hapo ilipo. Hili si kubahatisha. Mwaka 2005 wanahisabati wanne, Bill Baritompa, Rainer Löwen, Burkard Polster na Marty Ross, waliandika uthibitisho kwamba meza ya mstatili yenye miguu sawa hupata mkao wa kugusa kwa miguu yote minne kwa kuzungushwa tu, mradi sakafu isipande kwa zaidi ya nyuzi 35 hivi na miguu isiwe mifupi kuliko nusu ya mshazari wa meza. Meza ya mraba haihitaji zaidi ya robo mzunguko. Mimi naliona jambo hili ni zuri mno. Ila halisemi kwamba uso wa meza utakuwa sawa na maji, miguu ikipishana halifanyi kazi, na meza ya gereji kwa kawaida imebanwa ukutani.

Kwa hiyo dawa ya kudumu ni kuipa miguu uwezo wa kurefuka. Ziba ncha ya kila mguu kwa bamba lenye tundu, chomelea nati ya M12 (ya bolti yenye unene wa milimita 12) hapo, kisha ingiza bolti, kichwa kikiwa chini juu ya kibamba kipana. Kama nati imepakwa zinki, isugue kwanza hadi zinki itoke, kwa sababu moshi wake huleta homa. Bolti ya kawaida ya M12 husogea milimita 1.75 kwa mzunguko mmoja, hivyo robo mzunguko ni chini ya nusu milimita. Boksi halikupi udogo huo wa kipimo. Mpira wa tairi nao hubonyea na kurudi kila pigo la nyundo, ukala nguvu yako.

Mpangilio wa kazi ndio unaowashinda wengi. Wanazungusha bolti zote nne kwa pamoja, wanafukuza kona moja baada ya nyingine mpaka jua linazama. Rudi kwenye mafiga: pandisha bolti ya nne ining'inie kabisa, tumia tatu tu kuisawazisha meza kwa pima maji, kwa urefu na kwa upana. Ikishatulia, teremsha ya nne polepole hadi kibamba chake kigome kusogezwa kwa kidole. Hapo simama. Ukiongeza, unamnyanyua jirani. Kisha kaza nati ya pili kwenye kila bolti, ibane ile iliyochomelewa, ili mtetemo usiilegeze.

Ukitaka kuifunga meza sakafuni, fanya hivyo baada ya haya yote. Bolti za sakafuni zikikazwa kwenye mguu unaoning'inia huuvuta chini kwa nguvu na kuisokota fremu. Jiliwa likae kwenye kona, juu ya mguu hasa, ili pigo lishuke moja kwa moja hadi kwenye zege. Mwisho, zungushia kila kibamba alama ya rangi sakafuni, ili siku meza itakapovutwa kwa kufagia, kila mguu urudi kwenye bonde lake lile lile.