Je, wajua kwa nini pilipili manga nyeusi na nyeupe hutoka kwenye shuke moja?

Sokoni Darajani, mjini Zanzibar, kwenye meza ya muuza viungo, utakuta mafungu mawili ya pilipili manga: moja la punje nyeusi zilizokunjamana, jingine la punje nyeupe zilizo laini, na hilo la pili bei yake iko juu. Wanunuzi wengi huamini ni mimea miwili tofauti. Sivyo. Mmea ni mmoja, na punje iliyokuwa nyeusi ingeweza kabisa kuwa nyeupe. Kinachozitenganisha ni siku ya kuchumwa na namna mkulima alivyolishughulikia ganda lake.

Ukifika kwenye mashamba ya Kizimbani au Kidichi, angalia juu ya miti. Mpilipili manga ni mmea wa kuparamia. Kila pingili ya shina lake hutoa vijizizi vifupi vinavyoshika gome la mfenesi au mwembe, ukapanda hivyo mita nne na zaidi. Haumnyonyi aliyeubeba, maana chakula chake unakitoa ardhini kwa mizizi yake wenyewe. Mkabala na jani huning'inia shuke jembamba, na maua yake ni madogo mno hata ukiyasogelea unaona vinundu tu. Matone ya mvua yanayotiririka kwenye shuke husaidia kusambaza chavua. Hapo mkulima ana raha, kwani vanila, jirani yake kwenye mashamba yaleyale, lazima achavushiwe kwa mkono ua moja moja.

Punje huanza kijani, zikaelekea manjano, mwisho zikaiva nyekundu. Kuanzia ua mpaka kuiva hupita miezi sita hadi minane hivi. Anayetaka pilipili nyeusi hasubiri mashuke yote yaive. Punje moja mbili zikishageuka rangi, anaweka ngazi na kuchuma shuke zima, zilizobaki zikiwa bado kijani lakini zimekomaa. Akiwahi mno hupata mapepe: punje nyepesi, tupu ndani, ambazo zikikauka hazina uzito wala ukali.

Weusi wenyewe hautokani na jua kuunguza. Ndani ya ganda bichi mna fenoli, kemikali za asili za mmea, na kando yake mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vimetengwa ndani ya seli. Punje inaponyauka seli hupasuka, viwili hivyo hukutana na hewa, na ganda hugeuka kahawia kisha jeusi. Ndiyo maana wakulima wengine huzichovya punje kwenye maji ya moto kwa muda mfupi kabla ya kuanika: seli hupasuka zote kwa pamoja, weusi ukatoka sawasawa na kukauka kukawa kwa haraka. Baada ya hapo ni jamvi na jua la siku kadhaa, na jicho kwa wingu, kwa sababu punje iliyorowa baada ya kuanza kukauka huota ukungu upesi.

Nyeupe hufuata njia nyingine. Punje huachwa mpaka ziive, hupukuchuliwa, hutiwa kwenye magunia na kulowekwa wiki moja au zaidi mpaka ganda lioze. Kisha hufikichwa, husafishwa kwa maji mengi, na kinachobaki ni kokwa tupu, inayoanikwa mpaka iwe nyeupe. Maji yakituama bila kubadilishwa, pilipili hutoka na harufu ya zizi ambayo haiondoki tena. Kilo 100 za pilipili mbichi hutoa kama kilo 33 za nyeusi, lakini nyeupe ni kama kilo 25 tu. Ukijumlisha na kazi yote hiyo, bei ya juu inaeleweka.

Basi ipi ni bora? Kwa pilau, mimi nasema nyeusi, tena bila kusita. Ukali wa pilipili manga hutoka kwenye piperini, na hiyo imo zaidi kwenye kokwa, kwa hiyo nyeupe nayo inawasha vizuri. Lakini mafuta yanayoleta harufu yamejaa kwenye ganda, na ganda ndilo lililoozeshwa. Nyeupe iache kwa mchuzi mweupe wa nazi, pale usipotaka vidoa vyeusi. Vilevile nunua punje nzima utwange mwenyewe, maana mafuta hayo huruka, na unga uliokaa dukani miezi hubaki na ukali bila harufu.

Asili ya mmea huu ni pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Ndio uliomvuta Vasco da Gama, baharia Mreno, mwaka 1498, alipochukua rubani Malindi na kuvuka bahari mpaka Calicut, mji wa pwani hiyo. Unapenda joto, unyevu, kivuli chepesi na mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo hustawi Pemba na upande wa magharibi wa Unguja wenye udongo wa kina, si kwenye uwanda wa mawe wa mashariki. Hupandwa kwa vipande vya shina, huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na ukitunzwa huzaa miaka 15 na zaidi. Adui yake mkubwa ni maji yaliyotuama shinani, yanayoleta uozo wa mizizi. Shamba la bondeni lisilopitisha maji usilijaribu.

Na ukinunua, jihadhari na mbegu za papai zilizokaushwa. Zinafanana mno na pilipili nyeusi, na wapo wanaozichanganya. Tia kiganja kimoja cha punje kwenye bakuli la maji: pilipili nzima iliyokomaa itazama, mbegu za papai na mapepe yataelea. Zitakazobaki chini zianike tena kabla ya kuzirudisha kwenye kopo.