Maneno mazuri ya riwaya hayaimbiki

Kazi yangu ni kugeuza riwaya kuwa maigizo ya muziki. Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayeipenda kwa dhati Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë: "Kazi yako nyepesi, maneno yote mazuri yamo kitabuni. Mtafute tu mtunzi ayatie muziki." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, acha niliandike.

Maneno mazuri ya kitabu yanaweza kuliangusha igizo la muziki. Msomaji akikwama kwenye sentensi ndefu hurudi juu akaisoma tena; msikilizaji hana pa kurudi, okestra imeshapita. Tena wimbo hula muda, kwa hiyo sehemu kubwa ya riwaya itakatwa. Hilo halina mjadala.

Kazi yenyewe ni kujua nani aimbe, na wapi. Wengi hukimbilia kurasa zinazonukuliwa kila siku. Mimi hutafuta pale mwandishi alipopita haraka. Katika Les Misérables ya Victor Hugo (1862), binti maskini Éponine hamtamkii kijana Marius mapenzi yake waziwazi mpaka anakata roho, na hata hapo ni kauli moja fupi: nadhani nilikuwa nakupenda kidogo. Waandishi wa igizo la muziki la riwaya hiyo wakaichukua kauli hiyo wakampa wimbo mzima, yuko peke yake usiku, na maneno yake hayamo kitabuni. Lahani hiyo katika onyesho la Paris la 1980 ilikuwa ya Fantine, mhusika mwingine; ilipofika London mwaka 1985 ikawa ya Éponine. Kwangu ndipo ilipopata mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mwenye siri na hana wa kumwambia.

Kinachoniudhi hasa ni habari ya nafsi ya kwanza. Watu hudhani kwa kuwa Jane anasimulia mwenyewe, basi nyimbo zake ziko tayari. Haziko! Jane anayesimulia ameshaishi kwenye ndoa miaka 10, anajua ni nani aliyekuwa akicheka kule juu Thornfield, jumba la mwajiri wake Rochester. Jane anayeimba ana miaka 18 na hajui. Chukua usiku ule wa moto: anasikia kicheko mlangoni pake, anafungua, anakuta mshumaa umeachwa sakafuni na moshi unatoka chumbani kwa Rochester. Mpe hapo maneno ya msimulizi, ataimba kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuvuka, na ukumbi mzima utaacha kuhofia yatakayompata. Kwa hiyo kila mstari naupima hivi: angeweza kulijua hili saa ile, maji aliyozimia moto bado yanamchuruzika mikononi? Kama hapana, mstari unatoka, uwe mzuri namna gani.

Panaponishinda kukata shauri ni sura ya 23, pale Jane anapomuuliza Rochester kama anadhani umaskini wake unamnyima roho na moyo. Vitabu vya fani vinasema hisia zikizidi usemi, mhusika aimbe. Lakini Jane pale usemi haujamwishia hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza anasema kila kitu. Mimi humwacha aseme bila ala yoyote, kisha Rochester ndiye aanze kuimba, maana yeye ndiye aliyeishiwa. Watunzi ninaowaheshimu wananiambia nawanyima watazamaji wimbo waliokuja kuusikia, na kuna mazoezi ambayo nikimsikia mwigizaji mwenye sauti nzito akiujaribu ule mstari kwa wimbo, nawaelewa kabisa.