Kwa nini wajawazito walio jela Marekani hufungwa pingu hata wakiwa leba?

Mwanamke ameshikwa na uchungu, chupa imeshapasuka. Atorokee wapi? Hata hivyo, huko Marekani wapo waliojifungua mguu mmoja ukiwa umefungwa kitandani. Chanzo chake ni mazoea. Taratibu za kumtoa mfungwa nje ya geti, hata akienda hospitali, ziliwekwa kwa kuwafikiria wanaume: pingu mikononi, mnyororo kiunoni. Mjamzito naye akafungwa vivyo hivyo.

Wakunga na madaktari wanalipinga jambo hili, na si kwa huruma tu. Tumbo likiwa kubwa, uzito huvutia mbele, na mtu akijikwaa hutanguliza mikono. Mikono ikiwa imefungwa kiunoni, tumbo ndilo linalopiga chini, na kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati. Leba ndiko kwenye hatari zaidi. Wakati mwingine kichwa cha mtoto hutoka, kisha bega likanasa kwenye mfupa wa nyonga ya mama. Mkunga hapo ana dakika chache tu: magoti ya mama yakunjwe, yasukumwe hadi karibu na kifua, nyonga ipate nafasi. Mguu uliofungwa kwenye chuma cha kitanda haukunjiki, na ufunguo anao askari, ambaye pengine amesimama koridoni.

Umoja wa Mataifa ulilikataza jambo hili mwaka 2010 katika Kanuni za Bangkok: hakuna pingu wakati wa uchungu, wa kujifungua, wala mara tu baada ya hapo. Marekani yenyewe ilipitisha sheria Desemba 2018, lakini inawahusu walio mikononi mwa serikali kuu tu. Wanawake wengi wako kwenye magereza ya majimbo na jela za kaunti, na huko kila jimbo lina lake. Illinois ilitangulia kupiga marufuku mwishoni mwa miaka ya 1990. Mengine yalichelewa sana. Jela za kaunti zina mahabusu wengi ambao hata hawajahukumiwa, wamekosa tu pesa ya dhamana.

Sheria ile ya 2018 nayo ina mwanya: anayehofiwa kutoroka au kudhuru watu anaweza kufungwa. Ila mhudumu wa afya anayemhudumia akisema pingu zitolewe, askari hana budi kuzifungua.