Printa ya ujumbe ni nini, na foleni inaingiaje?

Printa ya ujumbe ni printa ndogo ya risiti inayokaa jikoni au mezani ikingoja maneno kutoka kwenye intaneti. Mtu aliye mbali anaandika kwenye simu, kikaratasi kinatoka nyumbani kwako. Usiichanganye na printa ya ofisini yenye Wi-Fi: ile hupokea faili kutoka kompyuta ya jirani, hii hupokea salamu za watu. Kati ya simu na karatasi kuna seva ya nyumbani, yaani kikompyuta kisichozimwa, na kazi yake kubwa ni kushika foleni.

Iliyovuma kuliko zote ni Little Printer ya kampuni ya Berg ya London, iliyoingia sokoni 2012. Ilitegemea seva za kampuni. Berg ikafunga shughuli 2014, na seva zilipozimwa, printa nzima kabisa zikabaki mapambo. Ndiyo maana wanaojitengenezea huiweka seva kwao.

Vifaa ni vichache: printa ya risiti ya milimita 58 yenye kebo ya USB na adapta yake, kikompyuta cha Raspberry Pi Zero 2 W (hapa chini tutakiita Pi au Pi Zero) au laptopu kuukuu, na karatasi za mviringo kama za mashine za EFD. Pi Zero inataka pia kiunganishi cha OTG, yaani cha kuingiza kebo ya kawaida ya USB, kwa sababu tundu lake la USB ni dogo. Kuna printa tupu zisizo na kasha, za kuunganishwa kwa nyaya kwenye pini. Bei inavutia, lakini nyingi hutoa volti 5 kwenye waya wa kutuma data, na pini za Pi zinastahimili 3.3 tu. Tena, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, picha ya nukta 384 kwa 384 ina baiti 18,432 na huchukua sekunde 19 hivi kufika. Chukua ya USB.

Jaribio la kwanza halihitaji programu yoyote ya ziada, ni amri moja tu kwenye terminali ya Linux:

printf 'Habari\n\n\n\n' > /dev/usb/lp0

Ukikataliwa ruhusa, mwongeze mtumiaji wako kwenye kundi la `lp`, utoke, uingie upya. Karatasi ikisogea bila maandishi, umeiweka kichwa chini: printa hii haina wino, huchoma kemikali iliyopakwa upande mmoja tu. Kwaruza kwa ukucha. Upande unaoacha alama nyeusi ndio unaotazama kichwa cha kuchapia. Ile mistari mitupu mwishoni ni ya lazima, kwa kuwa meno ya kukatia yako juu ya kichwa, na bila hiyo mstari wa mwisho unabaki ndani.

Ujumbe uingie vipi? Laini nyingi za simu hazikupi anwani ya intaneti ya peke yako, hivyo kufungua mlango (port) kwenye ruta mara nyingi ni kazi bure, na hata ukifunguka unakaribisha wageni usiowajua. Rahisi ni boti ya Telegram, yaani akaunti inayoendeshwa na programu: seva yako ndiyo inayopiga hodi nje na kuuliza kama kuna jipya, kwa amri ya `getUpdates`. Telegram huhifadhi ujumbe usiochukuliwa kwa saa 24, kwa hiyo umeme ukikatika usiku hupotezi kitu. Ruhusu namba za mazungumzo unazozijua tu. Ujumbe mmoja wa Telegram unaweza kufika herufi 4,096. Kwa herufi 32 kila mstari ni mistari 128, karibu nusu mita ya karatasi. Weka kikomo cha herufi 500.

Sasa foleni. Programu ikipokea ujumbe isiuchape papo hapo. Iuandike kwanza kwenye hifadhidata ya SQLite ukiwa na hali ya "unasubiri", ndipo iiambie Telegram kuwa umepokelewa. Programu ya pili, iliyo peke yake, huchukua wa zamani zaidi, huiuliza printa kama ina karatasi (maktaba ya python-escpos ina `paper_status()`), huchapa, kisha hubadilisha hali kuwa "umechapwa". Ukigeuza mpangilio, ukaweka alama kabla ya kuchapa, umeme ukikatika katikati ujumbe umekwenda na maji. Kwa mpangilio huu, baya zaidi ni kikaratasi kutoka mara mbili, na hilo halimuumizi mtu. Baadhi ya printa za bei ya chini hazijibu swali la karatasi. Toa karatasi, ujaribu kabla ya kuitegemea.

Saa nayo: Pi Zero haina betri ya saa, na ikiwaka baada ya umeme kukatika hukosea muda mpaka ipate intaneti. Chapa muda uliokuja na ujumbe wenyewe, si wa Pi.

Kiswahili kina bahati, herufi zake zote zimo ndani ya printa. Kinachovuruga ni kile kialama cha ng'. Simu nyingi huweka chenye kupinda, ambacho ni baiti tatu, na printa husoma kila baiti kama herufi yake. Matokeo yake ni "ngΓÇÖombe". Badilisha ’ na ‘ ziwe ' kabla ya kutuma. Emoji ziondoe, au chora ujumbe mzima kuwa picha ya upana wa nukta 384. Ni polepole zaidi, ila mwandiko unauchagua mwenyewe.

Karatasi hizi hufifia kwa jua na joto, na zikigusana na plastiki za albamu hufifia upesi zaidi. Usiitundike printa karibu na jiko, na salamu ya kutunza ipige picha siku ile ile.