Je, wajua kwa nini kadi za makadirio huruka kutoka 13 hadi 20?

Siku ambayo timu ya watengenezaji wa programu inapanga kazi, huenda ukawakuta wameshika kadi kama wacheza poka. Mmoja anasoma maelezo ya kazi, wengine wanauliza maswali mawili matatu, kila mtu anachagua kadi yenye namba anayokadiria kuwa ndiyo ukubwa wa kazi hiyo na kuilaza kifudifudi, kisha zote zinafunuliwa kwa mpigo mmoja. Mbinu hii huitwa planning poker. Namba zilizoandikwa ni 0, ½, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20, 40 na 100. Hakuna 4. Hakuna 6 wala 7. Anayetaka kusema 30 hana kadi ya kusemea. Inakuwaje watu ambao riziki yao ni hesabu na mantiki wajinyime namba?

Namba zilizoondolewa ni zile ambazo hakuna mtu angeweza kuzitetea. Mwanafiziolojia wa Kijerumani Ernst Weber alionyesha katika karne ya 19 kwamba uwezo wetu wa kutambua tofauti hutegemea ukubwa wa kitu chenyewe: aliyebeba kilo 1 akiongezewa nusu kilo atajua papo hapo, lakini aliyebeba kilo 20 huenda asihisi kitu. Makadirio ya kazi yana tabia hiyohiyo. Kazi ya 1 na kazi ya 2 zimepishana mara mbili, na fundi yeyote huona hivyo. Kazi ya 20 na ya 21 zimepishana kwa asilimia 5, na hata aliyezifanya zote mbili asingekwambia ipi ilikuwa kubwa. Ukiwapa watu kadi zote mbili, watabishana robo saa juu ya tofauti isiyokuwepo.

Mfuatano wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, hutatua jambo hili vizuri kwa sababu nafasi kati ya namba hupanuka kadiri namba zinavyokua. Kutoka 5 hadi 8 ni ongezeko la asilimia 60. Kutoka 8 hadi 13 ni asilimia 62 na ushee. (Fibonacci mwenyewe, mwanahisabati wa Italia, mwaka 1202 alikuwa akihesabu sungura. Hahusiki na lawama zozote za vikao hivi.) Mfuatano halisi ungeendelea na 21, 34, 55 na 89. Kadi zimeuacha hapo makusudi. Ukimwambia meneja 21, atadhani umepima ukapata kitu ambacho si 20 wala 22. Namba 20, 40 na 100 ni za mviringo ili kila mtu aone kuwa hapo tunakisia tu.

Kwa nini zilazwe kifudifudi

Huu ndio moyo wa mbinu yenyewe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walitazama gurudumu lenye namba likizunguka, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu lilikuwa limechezewa lisimame kwenye 10 au 65. Walioona 10 walikisia asilimia 25 kwa kiwango cha kati. Walioona 65 walikisia 45. Namba ya gurudumu haikuwa na uhusiano wowote na swali, na bado iliwavuta.

Sasa weka mahali pa gurudumu fundi mkuu wa timu, mwenye uzoefu na heshima, anayesema kwa sauti, “Hii ndogo, siku mbili tu.” Aliye mgeni katika timu, ambaye jana tu aliona kasoro mbaya katika sehemu hiyo ya programu, atanyamaza. Kadi za siri humlazimisha kila mmoja ajitegemee kabla hajasikia la mwenzake.

Wazo hili lina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1950 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilibuni mbinu ya Delphi, ya kukusanya maoni ya wataalamu bila wao kujuana. Mtaalamu wa programu Barry Boehm na wenzake wakaigeuza kwa makadirio ya programu katika miaka ya 1970, wakaongeza mjadala kati ya duru moja na nyingine. Mtengenezaji wa programu James Grenning akaifupisha kuwa mchezo wa kadi mwaka 2002, na mwenzake katika fani hiyo, Mike Cohn, akaieneza kupitia kitabu alichokitoa mwaka 2005.

Pointi ni nini hasa

Namba ya kadi huitwa pointi, na hapa ndipo wengi hupotea. Pointi si saa wala siku. Ni ukubwa wa kazi ukilinganishwa na kazi nyingine ambayo timu hiyohiyo inaijua. Timu za mwanzo za Extreme Programming, mtindo mmoja wa kutengeneza programu, katika miaka ya 1990 zilikadiria kwa siku kamili, yaani siku ambayo mtu angefanya kazi bila kusumbuliwa na mtu. Kwa kuwa siku za namna hiyo hazipo, walizidisha, mara nyingi kwa 3, wapate siku za kalenda. Mabosi wakawa wanauliza kila wiki inakuwaje kazi ya siku moja ichukue siku tatu. Ili kuepuka ugomvi, siku zikaitwa pointi. Hiyo ndiyo asili yake kama anavyoisimulia Ron Jeffries, mmoja wa waasisi wa mtindo huo, ambaye baadaye aliandika kwamba huenda ni yeye aliyezibuni, na kama ni yeye, basi anajuta.

Ili pointi ziwe na maana, timu huchagua kazi mbili au tatu ilizokwishazimaliza na ambazo kila mtu anazikumbuka, na kuzipa namba: moja ndogo iwe 2, nyingine ya kati iwe 5, na kama ipo kubwa iwe 8. Usiipe kazi ndogo kuliko zote namba 1, kwa sababu wiki ijayo itatokea ndogo zaidi. Hizi hubandikwa mahali zinapoonekana, na kila kazi mpya hulinganishwa nazo: ni kubwa kuliko ile ya 5? Inakaribia ile ya 8?

Duru moja kwa karibu

Chukua kazi hii: mtumiaji aliyesahau nenosiri aweze kuweka jipya kupitia barua pepe. Wanaopiga kura ni wale watakaoifanya, wakiwemo wanaofanya majaribio. Mmiliki wa bidhaa, yaani anayeamua nini kitengenezwe, husoma na kujibu maswali lakini hana kadi. Baada ya dakika tatu za maswali, kadi zinafunuliwa: 3, 3, 5, 13.

Kosa la kwanza, na la kawaida kuliko yote, ni kutafuta wastani. Jumla ni 24, ukigawa kwa 4 unapata 6, unapandisha hadi 8, kikao kinaendelea. Namba hiyo hakuna hata mmoja aliyeiamini, na habari pekee ya thamani iliyokuwa mezani imezikwa. Mwezeshaji anayeijua kazi yake humgeukia wa chini kabisa na wa juu kabisa, na hao tu, awaulize wameona nini.

Aliyetoa 3 anasema moduli ya kutuma barua pepe ipo tayari; ilitengenezwa kwa ajili ya kuthibitisha usajili. Aliyetoa 13 anakubali, kisha anaeleza yaliyobaki. Kiungo kiwe cha kutumika mara moja tu na kife baada ya dakika 30. Ujumbe wa skrini uwe uleule, akaunti iwepo au isiwepo, la sivyo mtu mbaya ataitumia fomu hiyo kuchunguza ni barua pepe zipi zimesajiliwa. Na nenosiri likibadilishwa, vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti vitolewe. Ila mfumo wa sasa hauna njia yoyote ya kuvitoa kutoka kwenye seva. Hilo la mwisho hakuna mwingine aliyelifikiria.

Duru ya pili: 8, 8, 8, 13. Hapa timu makini haigombanii 8 au 13. Inapasua kazi: kuweka nenosiri jipya iwe 5, kutoa vifaa vyote iwe kazi ya pekee yenye 8, na mmiliki wa bidhaa aamue kama ya kwanza inaweza kutolewa bila ya pili. Mimi ningeona kikao kimefaulu hata kama namba zote zingefutwa baada ya hapo.

Duru mbili hutosha. Ya tatu ni kwa nadra. Watu wakiwa bado 5 na 8, chukua 8 msonge mbele. Wakiwa bado 3 na 20, tatizo si makadirio: ama maelezo ya kazi hayaeleweki, ama kuna teknolojia ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Dawa yake ni kazi ya uchunguzi yenye muda uliofungwa, tuseme siku moja, ambayo zao lake ni jibu, wala si programu. Kadi ya 40 au 100 nayo haikusudiwi kuingia katika sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi cha timu, kama wiki mbili. Inasema kazi ipasuliwe kwanza. Baadhi ya pakiti zina pia kadi ya kikombe cha kahawa, ya kuomba mapumziko, na isidharauliwe. Baada ya saa moja na nusu watu huanza kufunua 5 kwa kila kitu.

Kutoka pointi hadi tarehe

Hatimaye mtu atauliza, itakuwa tayari lini? Jibu hutoka kwenye kasi ya timu, yaani pointi zilizokamilika kabisa katika kila sprinti. Kazi iliyofikia asilimia 90 huhesabiwa sifuri hadi imalizike. Tuseme sprinti sita za wiki mbili zimeleta 19, 26, 20, 24, 22 na 21. Wastani ni 22, lakini usitoe ahadi kwa wastani. Chukua tatu za chini, 19, 20 na 21: wastani wake ni 20. Tatu za juu, 22, 24 na 26: wastani ni 24. Kama zimebaki pointi 160, hesabu inatoa kati ya sprinti 7 na 8.

Hapa ndipo mipango mingi hupinda, kwa sababu orodha haikai palepale. Ikiwa kila sprinti inaongeza kazi mpya za pointi 4, mwendo halisi wa kupunguza orodha ni 16 hadi 20, na hesabu inakuwa sprinti 8 hadi 10. Yaani hadi mwezi mmoja zaidi, bila mtu yeyote kuzembea. Andika pembeni pointi zinazoongezwa kama unavyoandika zinazokamilika.

Kwa sprinti inayofuata, rekebisha kulingana na watu waliopo. Watu 5 kwa siku 10 za kazi ni siku 50. Mmoja akiwa likizo zote 10, zinabaki 40, na 22 inakuwa kama 17 au 18. Muda wa vikao usiutoe tena, kwa kuwa kasi ya nyuma ilipatikana vikao vikiwemo.

Kinachoharibu mfumo huu wote ni kuugeuza kipimo cha bidii. Meneja akitangaza kwamba robo ijayo kasi ipande kwa asilimia 20, itapanda bila shaka: kazi ya 3 itaitwa 5, na programu itabaki ileile. Kulinganisha timu mbili kwa pointi nako hakuna maana, kwani 5 ya timu moja ilitokana na kazi ambayo timu nyingine haijawahi kuiona. Na anayeandika ukutani kwamba pointi 1 ni saa 4 amerudisha ugomvi uleule wa siku kamili.

Je, kadi ni lazima? La. Timu inayozipasua kazi zake hadi karibu zote ziangukie kwenye 2, 3 au 5 inaweza kuacha pointi na kuhesabu idadi ya kazi tu: zilizokamilika kwa wiki, zilizobaki. Utabiri hautapungua ubora kiasi cha kuonekana. Ila mazungumzo ya yule wa 3 na yule wa 13 yatafutiwe mahali pengine, kwa mfano nusu saa katikati ya sprinti ambapo kila kazi inayokuja huulizwa swali moja: nani hapa anaona kitu ambacho wengine hatukioni?