Je wajua kwanini simu inajua muziki unaoupenda ila redio haijui?

Waulize vijana wa Ngamiani hapa Tanga, wa barabara ya 12 au ya 13, huu wimbo mpya mmeujulia wapi. Wengi watakwambia TikTok, wengine YouTube, na atakayesema redio mara nyingi alikuwa ndani ya bajaji au saluni, yaani stesheni hakuichagua yeye. Wazazi wao wangekuwa na jibu moja tu, maana huku bara mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 redio ya nchi ilikuwa ni Radio Tanzania Dar es Salaam basi, Radio One ilipoanza 1994 ndo watu wakapata pa kuhamia.

Sasa kwanini simu na redio zinakuletea nyimbo tofauti kabisa wakati wasanii ni walewale?

Jibu lipo kwenye njia yenyewe. Redio inatuma tu, haipokei. Mnara unarusha mawimbi, redio yako inayadaka, mchezo umeisha, ukiongeza sauti au ukizima au ukihama stesheni kule studio hawajui chochote. Ndo maana zamani kulikuwa na kadi za salamu na barua, na leo kuna meseji na kupiga simu studio, mtangazaji hana namna nyingine ya kujua kama upo. Kwahiyo anayepanga nyimbo anapanga kwa sikio lake, kwa anachokiona mtaani, na tusifichane, saa nyingine kwa kujuana.

Simu yenyewe inarudisha habari kila sekunde. Umeangalia mpaka mwisho? Imeandikwa. Umerudia? Imeandikwa. Umeruka baada ya sekunde mbili, hiyo ndo imeandikwa kabisa. Mwaka 2020 TikTok walieleza wenyewe jinsi wanavyopanga video za kukuletea: wanaangalia ulicholaiki, ulichoshea, unayemfuata, na kumaliza video ndefu kunahesabika kuliko vitu kama nchi uliyopo au lugha ya simu yako. Ni kama mama lishe anayeangalia sahani zinavyorudi, hakuulizi kama chakula kilikuwa kitamu, anaona mwenyewe kilichobaki.

Halafu inakulinganisha na wengine. Kama wewe na mtu wa Mwanza usiyemjua mnapenda nyimbo nyingi zilezile, na yeye kapenda moja ambayo wewe hujaisikia, utaletewa. Kwa sehemu kubwa mashine inayopanga huko TikTok au YouTube haiamui kwa kuonja wimbo, inaangalia watu. Kwahiyo kijana wa Chumbageni anaweza kushiba singeli na amapiano mwezi mzima huku mwenzake wa nyumba ya pili anaishi na drill ya Nairobi, na hakuna hata wimbo mmoja wanaoujua wote wawili. Redio haiwezi kufanya hivyo, FM inakwenda mbali kiasi na milima ya Usambara inaizuia, inaowafikia ni watu wa sehemu moja na wote wanapigiwa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Hapa ndo pananiuma mimi. Mashine inayotegemea rekodi za watu inapata shida sana na wimbo ambao haujasikilizwa na mtu. Kijana wa Makorora karekodi jana, hana rekodi yoyote, nani ataletewa wimbo wake? Atajaribishiwa kwa watu wachache, wakiruka basi. Lakini dijei anahitaji kuusikia mara moja tu akaamua huu naupiga. Tanga hii imetoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, imetoa taarabu ya Black Star na Lucky Star na sauti ya Bi Shakila, na enzi hizo Radio Tanzania ilikuwa inarekodi bendi kwenye studio yake yenyewe halafu inazipiga, hakuna aliyesubiri kwanza vyuz zifike ngapi. Stesheni za mkoani zina nguvu hiyo mpaka leo, na zinapopiga orodha ileile ya Dar kutwa nzima zinaitupa bure.

Kingine ni kurudia. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akikutanishwa na kitu mara nyingi huanza kukipenda hata kama hakijui maana. Redio inaishi humo, wimbo ulioukunjia uso Jumatatu Ijumaa unauimba jikoni. Kwenye simu nafasi hiyo ni ndogo, umeruka mara ya kwanza na huenda usiletewe tena. Wasanii wamelielewa hili ndo maana kiitikio siku hizi kinakuja mapema, Spotify, app ya kusikiliza muziki, inahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, nani ataweka gitaa refu la mwanzo kama zile bendi? Na TikTok wengi wanajua kipande tu, beti ya pili hawajawahi kuisikia.

Ila vijana wengi wanatumia vyote, sio kwamba redio wameitupa. Bando likikata, kiswaswadu au smatifoni yenye FM inashika bure, unachomeka hedifoni na ule waya ndo unakuwa antena. Na ukisikia kitu kwenye bajaji hukijui jina, unafungua Shazam. Hiyo ilianza Uingereza 2002, ulikuwa unapiga 2580 unaisogezea simu spika kisha unatumiwa jina la wimbo kwa meseji. Inachukua zile nukta zenye sauti kubwa zaidi kwenye wimbo, inazipanga kama alama ya kidole, inazitafuta kwenye hifadhi yake, ndo maana kelele za barabarani haziisumbui sana.

Ukishaujua jina unautafuta YouTube, unausikiliza mpaka mwisho, unaurudia, na hapo simu nayo imeshaandika. Yule kijana wa Makorora akipigwa redioni mchana mmoja tu, wakawepo watu wa kumtafuta jioni, tayari ana zile rekodi alizokuwa hana, na jina lake linaanza kuletwa kwa watu wa mbali ambao redio ya Tanga hawaishiki kabisa.