Je, wajua? Jinsi unga wa sahani ulivyopimwa ukaonekana ni protini ya maziwa

Asubuhi, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mkoani Tanga, mpokeaji hahitaji maneno mengi. Anatumbukiza laktomita kwenye maziwa, anaiacha itulie, anasoma mstari. Lita moja ya maziwa halisi ya ng'ombe huwa na uzito wa takriban kilo 1.03. Ukiongeza maji, laktomita inazama zaidi na siri iko nje. Mchakachuaji akitia unga ili yaonekane mazito, tone la ayodini linayageuza kuwa na rangi ya bluu. Vipimo hivi ni vya bei nafuu na kazi yake vinaifanya.

Lakini hakuna hata kimoja kinachokuambia lita ile ina gramu ngapi za protini. Hapo inabidi twende maabara, na huko kuna jambo ambalo wanywaji wengi wa maziwa hawalijui: kipimo cha kawaida cha protini hakiigusi protini yenyewe. Kinapima naitrojeni.

Sababu yake ina mantiki. Mafuta na sukari ya maziwa havina naitrojeni, protini inayo. Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark katika maabara ya Carlsberg, watengeneza bia wa Copenhagen, aliitangaza njia hii mwaka 1883. Shida yake yeye ilikuwa protini ya shayiri. Sampuli inachemshwa ndani ya tindikali kali ya sulfuriki. Mwanzoni inaungua, inakuwa nyeusi tii. Moto ukiendelea, weusi unatoweka polepole na kimiminika kinatakata. Naitrojeni ya protini sasa imegeuka chumvi ya amonia. Ukitia kostiki soda na kuchemsha, amonia inapanda kama gesi, inanaswa kwenye chupa nyingine, kisha inapimwa kwa kudondosha tindikali tone kwa tone hadi rangi ibadilike. Uzito wa naitrojeni unaupata, unauzidisha mara 6.38, unaandika: protini.

Sasa chukua melamini, malighafi ya zile sahani ngumu zisizovunjika ovyo zilizojaa makabatini mwetu. Ni unga mweupe, na theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kwa hesabu ya Kjeldahl, gramu 1 ya melamini inasomeka kama gramu 4 na ushei za protini. Maziwa yenye gramu 32 za protini kwa lita, ukiyaongezea maji hadi robo nzima ya lita iwe maji, yanabaki na gramu 24. Pengo la gramu 8 linazibwa na melamini isiyofika gramu 2.

Huko China, mwaka 2008, ndivyo ilivyofanyika. Watoto takriban 300,000 waliugua, wengi wakiwa na mawe kwenye figo, na sita walifariki. Kipimo hakikukosea hata kidogo: kiliulizwa kuhusu naitrojeni, kikajibu sawasawa.

Kuikamata melamini yenyewe kunataka njia nyingine, kromatografia. Kwanza protini inagandishwa kwa tindikali na kuchujwa. Tone dogo la maji yaliyobaki linasukumwa kwa pampu kupitia bomba fupi la chuma lililoshindiliwa chembechembe laini mno. Kila kemikali inashikana na chembe hizo kwa nguvu yake, hivyo kila moja inatoka kwa wakati wake. Ikitoka, spektrometa ya masi inaipima uzito wa molekuli, inaivunja, kisha inapima na vipande vyake. Kemikali nyingine inaweza kutoka dakika ileile. Kuwa na uzito uleule na kuvunjika vilevile ni nadra sana.

Ninachokipenda zaidi ni ujanja wa kusahihisha hasara. Sampuli hupungua njiani: nyingine inabaki kwenye chujio, nyingine kwenye chupa. Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza, mkemia anatia kiasi anachokijua cha melamini iliyotengenezwa kwa atomi nzito za kaboni na naitrojeni. Ni kama kuchanganya maharage mekundu 100 kwenye gunia la meupe linalovuja: mwishoni ukikuta mekundu 60, unajua na meupe yamebaki kwa kadiri hiyo, na idadi ya mwanzo unaipata. Kwa njia hii mtu anaweza kusimamia kikomo cha kimataifa cha miligramu 1 ya melamini kwa kilo ya unga wa maziwa ya watoto wachanga.

Mashine hiyo ni ghali, na huwezi kuiweka kila kituo cha maziwa. Kinachoudhi ni kwamba hata Kjeldahl angetosha kuutilia shaka mchezo ule. Gandisha protini kwanza, ichuje, halafu pima naitrojeni ya donge peke yake. Melamini inabaki kwenye maji ya mchujo, na maziwa yaliyotiwa maji yanasoma gramu zake 24 zilezile.